Boti ya mfereji ikigoma: dalili, sababu na dawa yake

Malalamiko mengi kuhusu boti nyembamba za mifereji ya Uingereza hutupiwa injini, na mara nyingi injini ya watu haina kosa. Boti ikizubaa, ikikataa kukata kona au ikianza kutoa moshi mweusi, anayepigiwa simu kwanza ni fundi wa dizeli. Kumbe shida ni tope lililo sentimita chache chini ya bodi, au tambara lililojisokota kwenye propela. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji, tunakuja kwenye injini, halafu umeme na mambo ya ndani. Ukifuata mpangilio huo utaokoa pesa, maana saa moja ya fundi kule si ya mchezo.

Kwanza ijue boti yenyewe. Upana wake ni futi 6 na inchi 10, kama mita 2.08, kwa sababu loki nyingi za mifereji ya katikati ya nchi zina upana wa futi 7 tu, kipimo kilichoachwa na mhandisi James Brindley na wenzake katika karne ya 18. Loki ni kile chumba cha maji chenye milango pande mbili kinachopandisha na kushusha boti pale ardhi inapopanda au kushuka. Urefu wa boti unaweza kufika futi 70. Ni chuma kitupu, sakafu bapa, tani 15 au zaidi kwa boti ya ukubwa wa kawaida, inazama sentimita 60 hivi, na haina breki. Chombo hicho kinapita kwenye mtaro ambao pembeni maji hayafiki hata mita moja. Vituko vyake vingi vinatoka hapo.

Kabla ya kuwasha

Asubuhi fungua mfuniko wa injini ikiwa bado ya baridi. Pima oili kwa kijiti chake, angalia maji ya kupozea, bonyeza belti ya alteneta kwa kidole, mulika tochi ngamani, yaani chini kabisa ya boti maji yanapojikusanya, uone kama yameongezeka tangu jana. Hayo ni mambo ya dakika chache. Anayekodi boti kwa wiki moja huwa anayaruka akidhani ni kazi ya kampuni, na kampuni nyingi humwonyesha afanye mwenyewe kila siku.

Injini inanguruma, boti haiendi

Sababu ni tatu, na kila moja ina alama yake. Geuka uangalie maji ya nyuma kabla hujagusa kitu.

Ukiona mawimbi yanakufuata na kuvunjika kwenye kingo, maji yamegeuka kahawia kama chai ya maziwa, tezi (nyuma ya boti) imedidimia na kana (mkono wa usukani) imekuwa nzito mkononi, umo kwenye maji mafupi. Propela inanyonya maji ya chini ya boti haraka kuliko yanavyoweza kurudi, hivyo boti inakaa chini zaidi, na kadiri unavyoongeza mafuta ndivyo inavyozidi kujichimbia. Dawa ni kupunguza. Wageni hawaamini mpaka waone: ukirudisha mkono wa gia kidogo, tezi inainuka na boti inachukua mwendo. Kikomo cha kisheria kwenye mifereji ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4, na sehemu nyingi maji yenyewe hayakuruhusu kufika huko.

Kama maji yana kina cha kutosha lakini boti inatetemeka, injini inasikika imebanwa, moshi umekuwa mweusi na ukipiga rivasi boti haisimami kama ilivyozoea, kuna kitu kwenye propela. Jaribu rahisi kwanza: weka nyutro, subiri kidogo, piga rivasi fupi yenye nguvu, rudi nyutro. Majani ya vuli na nyasi za majini mara nyingi huachia. Mfuko wa plastiki, kamba, koti la mtu au waya wa godoro haviachii kwa ubembelezi huo, itabidi uingize mkono.

Juu ya propela, chini ya sakafu ya nyuma, kuna tundu lenye mfuniko mzito wa chuma uliobanwa kwa skrubu kubwa. Egesha boti, zima injini, chomoa ufunguo uutie mfukoni mwako wewe mwenyewe, si kuuacha kwenye dashibodi na mwenzio amesimama karibu. Fungua mfuniko, vua saa na pete, lala kifudifudi. Maji ya Februari yanauma mpaka mfupani, na huoni kitu kwa sababu ya tope, kwa hiyo unafanya kazi kwa kupapasa: hili ni bapa la propela, hii ni shafti, na hiki kilaini kilichojikaza katikati ndicho adui. Usikivute ovyo. Tafuta ncha yake, zungusha propela kwa mkono kinyume na ilivyojisokota, kata vipande kwa kisu cha mkate chenye meno. Kisu hicho ndicho bora kuliko vyote nilivyoona watu wakitumia, na kifungwe kamba, la sivyo kitakwenda chini kuwakuta wenzake. Kwa waya leta koleo la kukatia. Kila unachotoa kiweke kwenye mfuko wa taka, maana ukikirusha pembeni atakinasa anayekuja nyuma yako.

Kurudisha mfuniko ndiyo sehemu inayozamisha boti. Kiziba cha mpira kikae sawa, skrubu ikazwe hadi mwisho, kisha washa injini, tia gia taratibu huku mtu akimulika tochi pale. Usiondoke bila kuona kwamba pamekauka. Boti zimewahi kwenda chini kwa sababu mfuniko uliachwa umelegea na propela ikajaza maji ndani kwa dakika chache tu.

Sababu ya tatu ni nadra: injini inapanda mlio lakini nyuma maji yametulia kabisa. Hapo nguvu haifiki kwenye propela. Huenda kebo ya gia imekatika au imechomoka, au bolti zinazounganisha shafti na giaboksi zimelegea. Mwenzio atie gia wakati wewe unaangalia shafti kwa mbali, mikono nyuma. Kama haizunguki, hii sasa ni kazi ya fundi.

Imekwama kwenye tope

Kosa la kawaida ni kuongeza mafuta uendelee mbele. Umeingia kwa mbele, basi utoke kwa nyuma, ulikotoka kuna maji. Piga rivasi ya polepole, hamisha watu waende upande ambao haujakwama, na tumia pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, kusukuma omo (mbele ya boti) au tezi, popote palipogusa. Pondo lisimamishwe kwa mshazari pembeni yako, usiliegemeze kifuani wala tumboni, likiteleza utajua. Watu wakitikisa boti kulia na kushoto kwa pamoja mara nyingi inajinyofoa.

Ni vizuri kujua kwa nini umekwama. Tope hujikusanya upande wa ndani wa kona, kwa hiyo kwenye kona pita upande wa nje ukiwa hujaona boti inayokuja. Mkikutana, kila mmoja anakaa kulia kwake, lakini kukaa kulia si kupanda ukingoni. Mnapishana karibu kuliko unavyodhani kunahitajika. Na kama umeamka asubuhi ukakuta boti imelala upande pale pale ulipofunga jana, si wewe uliyekosea kuendesha. Maji ya kipande hicho cha mfereji yamepungua usiku, aidha milango ya loki inavuja au mtu ameacha wazi vilango, yale matundu ya loki ya kuingizia na kutolea maji. Hilo ripoti kwa Canal & River Trust, shirika linalosimamia takriban maili 2,000 za mifereji na mito ya England na Wales tangu 2012. Wenyeji wengine huenda loki ya juu wakashusha maji wenyewe. Usijaribu bila ushauri wao, kwa sababu unaweza kujaza kipande chako na kukausha cha jirani.

Kana haisikii

Usukani wa boti hizi unafanya kazi pale tu propela inaposukuma maji juu yake. Ukirudi nyutro unateleza bila kuongoza, na ukipiga rivasi kana inakuwa mapambo. Hivyo mtu anayesema boti yake "haikati kona" mara nyingi amepunguza mafuta katikati ya kona kwa woga. Ingia polepole, kisha kwenye kona yenyewe ongeza kidogo.

Upepo ni sababu ya pili. Ubavu wa boti ni mrefu na bapa, unashika upepo bila kukusudia, na ukienda polepole sana omo inasukumwa hadi ng'ambo. Siku ya upepo mkali wenye boti zao hawang'oi hata kigingi, wanachemsha chai. Mwenye boti ya kukodi yuko mbioni kuirudisha Jumamosi, ndiyo maana ndiye unayemkuta kwenye miti.

Lakini kana ikikaza ghafla au ikiinuka juu kuliko kawaida baada ya kugonga kitu kwa nyuma, usiilazimishe. Ncha ya chini ya usukani hukaa kwenye kikombe cha chuma, na ukirudi nyuma ukagonga ukingo unaweza kuruka nje. Wakati mwingine unarudishwa kwa kuunyanyua kwa pondo, wakati mwingine inabidi boti itolewe majini.

Ndani ya loki

Matatizo ya hapa yanakuja haraka, kwa hiyo kila anayeshika hendeli ya kufungulia vilango ajue mapema la kufanya.

Boti inashuka, mara omo inaendelea kushuka na tezi imebaki juu: umening'inia kwenye kizingiti. Kizingiti ni ngazi ya zege au mawe iliyo chini ya milango ya juu, huwezi kuiona loki ikiwa imejaa, ila mahali kinapoishia pamechorwa mstari mweupe ukutani. Funga vilango vya chini mara moja. Mara moja maana yake ni kabla ya kupiga kelele. Vikishafungwa, fungua vya juu taratibu ili maji yarudi na kuinua boti. Ukichelewa, omo inaingia maji na boti inazama pale pale. Kinga yake ni ndogo: ukishuka, kaa mbele ya mstari mweupe muda wote, na nahodha asiangalie simu.

Boti inapanda, omo imenasa chini ya boriti ya mlango: hapo kinyume chake, funga vilango vya juu, fungua vya chini. Boti inashuka lakini imening'inia kwa kamba: mtu ameifunga amari, yaani kamba ya boti, kwenye nguzo badala ya kuizungusha tu na kuishika mkononi. Kamba za loki zinashikwa, hazifungwi.

Mlango haufunguki ingawa maji yanaonekana sawa? Hayajawa sawa. Hata sentimita mbili za tofauti zina uzito ambao mgongo wako hauwezi, na omo ya boti haipaswi kutumika kugonga. Subiri. Ukisubiri sana bila mabadiliko, nenda upande wa pili ukaangalie, huenda kilango kimoja hakikufungwa mpaka chini na maji yanatoka kwa kasi ile ile yanayoingia. Mlango usipofunguka mpaka mwisho, kuna gogo au takataka nyuma yake, zisukume kwa pondo. Na boti ikinasa kwenye kuta za loki nyembamba, inua dampa za pembeni, yale maboya ya kukinga ubavu. Zinatakiwa kuwa juu kabla ya kuingia, loki yenye futi 7 haina nafasi ya mapambo.

Kwa uzoefu wa wengi ajali hazitokei kwenye loki ya kwanza. Caen Hill pale Devizes, kwenye mfereji wa Kennet and Avon, kuna loki 29, na 16 kati yake zimepangwa mlimani mstari mmoja. Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester and Birmingham, ziko 30. Ikifika ya ishirini mikono imechoka na watu wameanza kubishana. Badilishaneni zamu kabla ya kufika huko.

Injini inachemsha

Nyingi za boti hizi hazina rejeta. Maji ya kupozea yanazunguka kwenye tangi lililochomelewa ndani ya ubavu wa boti, na mfereji wenyewe ndio unaopoza chuma kutoka nje. Ni mfumo mzuri, hauvuti uchafu, lakini una ugonjwa wake: hewa ikinasa juu ya tangi, sehemu kubwa ya tangi haifanyi kazi.

Zima, acha ipoe kabisa, usifungue mfuniko wa maji ukiwa wa moto. Kisha pima kiwango. Kama kimepungua, jaza na utafute yalikokwenda, hozi na klipu zake ndizo za kwanza kukaguliwa. Angalia belti, maana kwenye injini nyingi ndiyo inayozungusha pampu ya maji pia. Kama kiwango kiko sawa na belti iko sawa, na hasa kama mfumo ulimwagwa maji hivi karibuni, toa upepo: juu ya tangi la ubavuni kuna skrubu ndogo, ilegeze mpaka hewa iishe na maji yaanze kutoka, kaza, jaza tena.

Ikiwa inatulia vizuri kwenye mfereji lakini inachemsha kila unapoingia mto wenye mkondo, kama Trent au Thames, huenda hakuna kilichoharibika. Tangi ni dogo kwa kazi hiyo, kwa sababu mtoni unaongeza mafuta kupambana na maji na joto linazidi uwezo wa ubavu. Punguza mwendo. Na kama inachemsha pamoja na moshi mweusi na mtetemo, rudi juu usome habari za kisu cha mkate. Boti chache zinazovuta maji ya mfereji moja kwa moja, zenyewe kagua kisanduku cha chujio, hujaa majani kila vuli.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache usikutishe, lakini ukiendelea huku maji ya kupozea yanapungua, huenda ni gasketi, ita fundi.

Haiwaki

Ukisikia "tak" moja na kimya, ni betri ya stata au vichwa vyake vilivyolegea na kuota unga mweupe. Visugue, kaza. Kama stata inazungusha vizuri lakini haishiki, angalia kwanza kama kile kishikio cha kuzimia injini, kwa boti zenye cha kuvuta, kilisahauliwa kikiwa kimevutwa. Ni aibu ndogo inayowapata hata wazee wa kazi. Baada ya hapo ni plagi za kupasha injini zisizopata moto, au mafuta.

Ikiwaka kisha ikafa baada ya dakika chache, kuna mahali dizeli imebanwa. Fungua bomba la tangi kama lilifungwa, halafu filta. Ukikuta ute mweusi ndani yake, tangi limeingiliwa na vijidudu vinavyoishi pale dizeli inapokutana na maji. Badilisha filta, toa maji ya chini ya tangi, tia dawa yake, na ukibadilisha filta kumbuka kutoa upepo kwenye mfumo au itaendelea kugoma. Kinga ni kujaza tangi kabla ya majira ya baridi, ili pasiwe na nafasi ya mvuke kugeuka maji ukutani.

Maji ngamani

Kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwenye boti hizi marejeo yako yawe ya kila siku. Maji ya ngamani yana vyanzo vingi na kila kimoja kina tiba tofauti, kwa hiyo kabla ya kukaza kitu chochote, kausha pale chini kabisa kwa sponji, tandika magazeti makavu, kisha uone gazeti gani limelowa kwanza.

Likilowa la chini ya shafti, ni glendi, pale shafti inapopita kwenda nje. Tone moja moja wakati boti inakwenda ni kawaida kwa glendi nyingi za aina ya zamani. Kuendelea kudondoka ikiwa imeegeshwa si kawaida. Mwisho wa kila siku zungusha kikombe cha grisi mpaka kikaze na matone yakome. Kikizunguka kirahisi bila ukinzani, grisi imeisha. Grisi ikiwepo na bado inavuja, kaza nati mbili za glendi kidogo sana, kwa usawa, kisha endesha na uguse kwa nyuma ya mkono baada ya kuzima. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, umekaza mno na shafti inajila yenyewe.

Gazeti likilowa baada ya mvua tu, ni mbao za sitaha. Likilowa chini ya lile tundu la propela, unajua la kufanya. Maji yenye rangi ya bluu au waridi ni ya kupozea. Maji safi yasiyo na rangi wala tope, na pampu ya maji ya kunywa inajiwasha usiku hakuna aliyefungua bomba, yanavuja kutoka kwenye mabomba ya ndani.

Pampu ya ngama isipojiwasha, inua boya lake kwa kidole. Mara nyingi limekwama kwa takataka, au fyuzi imekatika. Ila kama juu ya maji kuna oili, usipige pampu. Kumwaga oili mferejini ni kosa, na pedi za kunyonya mafuta zipo, hata nepi za mtoto zinafanya kazi hiyo.

Taa zinafifia usiku

Hili ndilo lalamiko kuu la wanaoishi botini. Betri za stata na za matumizi ya ndani ni tofauti, na injini kuwaka vizuri hakuthibitishi kwamba za ndani ziko salama. Pima kwa malti mita baada ya betri kupumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji: volti 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 unaziua. Betri za risasi na asidi hazipendi kushushwa chini ya nusu.

Kisha washa injini upime tena. Ukipata 14 na zaidi, alteneta inafanya kazi, na tatizo ni kwamba hauchaji kwa muda wa kutosha. Asilimia za mwisho huingia polepole mno, saa moja ya kuwasha injini jioni haizifikii, na betri isiyojazwa kabisa kwa wiki nyingi inaota salfeti na kupoteza uwezo wake. Isipopanda juu ya 13, fuata belti, ukiona unga mweusi umezunguka pale inateleza. Baada ya belti ni waya, mwisho alteneta.

Wanaotegemea sola huwa wanashangaa Desemba. Mwanga wa mchana London wakati huo unadumu kama saa 8 tu, na jua liko chini kabisa. Paneli iliyoendesha friji yote kiangazi haitoshi hata taa. Zima invata, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, usipoitumia, inakula hata ikiwa haina kazi.

Gesi, jiko na kichwa kinachouma

Asubuhi ya baridi kali gesi inagoma na mtungi una uzito wake: umenunua byuteni. Karibu na nyuzi 0 haigeuki mvuke vizuri. Tumia propeni.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango yote, usiguse swichi yoyote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia ngamani na kusubiri cheche.

Watu wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, si homa. Ni kaboni monoksidi. Tokeni wote, zima kila moto ukiweza bila kukawia, piga 999, namba ya dharura ya kule. Tangu Aprili 2019 kengele yake ni sharti la cheti cha usalama wa boti cha Boat Safety Scheme, kinachotolewa kila baada ya miaka 4, na ibonyeze uijaribu. Hapa niseme wazi kwa waliolelewa na jiko la mkaa: kule nyumbani linakaa barazani au jikoni penye upepo, ila ndani ya boti iliyofungwa madirisha kwa baridi ni kifo. Hata lililobaki majivu tu usiliingize lipoe.

Jiko la chuma la kupasha joto likirudisha moshi ndani, dohani imeziba masizi au lami, au kuni ni mbichi. Alama za kahawia zinazochirizika juu ya paa ni lami hiyo hiyo. Na matone kwenye madirisha kila asubuhi hayatoki nje: ni pumzi na mvuke wa sufuria. Usizibe zile tundu za hewa za darini kwa ajili ya baridi.

Boti imechomoka usiku

Vigingi kwenye udongo laini huvutwa na boti inayopita kwa kasi, ikikuvuta mbele na kurudisha. Kamba zitoke kwa mshazari, moja kwenda mbele, moja nyuma, zikaze bila kuwa kama waya, na penye kingo za chuma tumia kulabu badala ya vigingi. Mtoni acha nafasi zaidi, maji hupanda na kushuka.

Ukihitaji msaada, usimwambie mtu uko "karibu na shamba lenye ng'ombe". Madaraja ya mifereji yana namba kwenye kibao kidogo juu ya tao. Kila unapopita daraja isome, na ukipiga simu taja jina la mfereji, namba ya daraja la mwisho, na ulikuwa unaelekea wapi. Kwa 999 ongeza ni upande gani njia ya kandokando ilipo, ili gari la wagonjwa lisiishie ng'ambo ya maji.